Je, Wajua? Mwili Haustaafu!

Sogea, mzee wangu, na wewe bibi vuta kigoda. Leo nina maajabu tele kuhusu miili yetu baada ya miaka 60, na karibu yote yatakupa hamu ya kusimama. Haya, shika la kwanza!

Tuanzie hapa hapa Sitalike, Katavi

Je, wajua kwamba ukitembea nusu saa tu kila siku, kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, ndani ya wiki mbili utakuwa umekata kilomita 35? Huo ndio umbali wa kutoka Sitalike hadi Mpanda mjini! Nauli imebaki mfukoni, na moyo umenufaika.

Usiishie Mpanda. Reli inayotoka Mpanda kwenda Kaliua ina urefu wa kilomita 210. Kwa nusu saa ile ile ya kila siku, utaimaliza yote kwa siku 84, yaani chini ya miezi mitatu.

Bado hujashangaa? Ziwa Tanganyika ndilo ziwa refu kuliko yote ya maji baridi duniani, kilomita 673 kutoka ncha hadi ncha. Nusu saa yako ya kila siku italimaliza kwa takriban miezi tisa. Mimba ikitungwa siku unayoanza, mjukuu anazaliwa siku unayofika!

Na je, wajua kwamba kama umetimiza miaka 60, wewe ni mkubwa kuliko Hifadhi ya Taifa ya Katavi? Hifadhi ilianzishwa mwaka 1974. Mkoa wa Katavi wenyewe ni mtoto kabisa, ulizaliwa mwaka 2012.

Tazama viboko wa Mto Katuma. Mchana kutwa wamelala majini kama hawana kazi, lakini giza likiingia hupanda ukingo na kutembea kilomita kadhaa wakitafuta majani. Kiboko mmoja hula kilo 40 hivi kwa usiku mmoja, na akiamua kukimbia hufikia kilomita 30 kwa saa!

Kwa hiyo mazoezi ya Sitalike yana saa zake. Subiri jua litoke vizuri, tembea na mwenzako, na kaa mbali na mto. Wenye mto wakirudi majini, barabara ni yako.

Tembo nao wana somo. Mwaka 1993 ukame mkali uliipiga Hifadhi ya Tarangire, na ndama 16 kati ya 81 waliofuatiliwa na watafiti wakafa ndani ya miezi tisa. Koo zilizoongozwa na majike wazee zilitoka hifadhini kutafuta maji na majani, zikapoteza ndama wachache. Bibi alikuwa na kumbukumbu, na alikuwa na miguu!

Hesabu nyingine ya nyumbani: sensa ya 2012 ilikuta watu 564,604 katika Katavi. Sensa ya 2022 ikakuta 1,152,958. Wameongezeka maradufu kwa miaka kumi! Wajukuu wote hao wanahitaji bibi na babu wenye pumzi.

Jipime ukiwa papo hapo

Inuka kidogo. Simama kwa mguu mmoja, bila kushika kitu, uhesabu hadi 10. Watafiti wa Brazili waliwapima watu 1,702 wa miaka 51 hadi 75, na mmoja kati ya watano alishindwa. Walioshindwa walikuwa na hatari ya kufariki katika miaka iliyofuata iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 84!

Umeyumba? Usiogope, shika ukuta ujaribu tena kesho. Usawa wa mwili hufundishika kama kusoma, na mwalimu wake ni mazoezi ya kila siku.

Sasa nipe mkono, nibane kwa nguvu zako zote. Je, wajua kwamba mbano huo una habari za moyo wako? Utafiti wa watu karibu 140,000 katika nchi 17, uliotolewa mwaka 2015, ulionyesha kuwa nguvu ya kiganja hutabiri vifo vizuri kuliko ile namba ya juu ya presha!

Na mwendo wako je? Wataalamu walipochanganya kumbukumbu za wazee 34,485 wa miaka 65 na zaidi, waligundua kwamba kasi ya kutembea inaeleza mengi kuhusu miaka iliyobaki. Wenye mwendo wa haraka waliishi zaidi. Ukienda sokoni, ongeza hatua!

Kipimo cha bure kabisa: unapotembea, unaweza kuongea lakini huwezi kuimba? Hongera, hiyo ndiyo kasi inayofaa. Ukiweza kuimba wimbo mzima, kaza mwendo. Ukishindwa hata kuongea, punguza.

Ya Tanzania yetu

Je, wajua kwamba baadhi ya watu wenye mioyo imara zaidi duniani wanaishi Tanzania? Wahadzabe wa pembeni mwa Ziwa Eyasi walivalishwa vifaa vya kupima mapigo ya moyo, wakakutwa wanajishughulisha kwa nguvu zaidi ya saa moja kila siku. Ajabu zaidi, wazee wao hawakupunguza kasi!

Bibi wa Kihadzabe ndiye mkali wao. Watafiti waliokaa nao miaka ya 1980 waliona kwamba wanawake waliokwisha kukoma hedhi walitumia saa nyingi zaidi kutafuta chakula kuliko mabinti zao. Walikuwa wanachimba viazi mwitu kwenye ardhi ngumu, kwa mti uliochongwa ncha!

Lakini Wahadzabe nao hupumzika, tena karibu saa 10 kwa siku mbali na usingizi. Siri ni jinsi wanavyopumzika: mara nyingi huchuchumaa. Misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi wakati wewe unadhani umekaa bure.

Hili la sasa litakushtua. Katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wazee wa vijijini wenye miaka 70 na zaidi walipopimwa presha, karibu 7 kati ya kila 10 walikuwa nayo juu. Wengi hawakujua! Kutembea kwa bidii mara kwa mara husaidia kuishusha, basi pitia zahanati ukapimwe, kisha anza safari.

Unamkumbuka Mzee Ruksa? Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi alizaliwa Mei 1925, akafariki tarehe 29 Februari 2024 akiwa na miaka 98. Alijulikana kwa kupenda mazoezi, na aliendelea nayo uzeeni.

Je, wajua kwamba taifa lina siku ya kutoka jasho? Mwezi Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, alielekeza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Weka alama kwenye kalenda yako, mzee wangu!

Zanzibar nao hawako nyuma. Kila tarehe 1 Januari vikundi vya mazoezi vya Unguja na Pemba hukusanyika na kuufungua mwaka kwa viungo. Wengine wanaamka na uchovu wa mkesha, wenzetu wanaamka na raba miguuni.

Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Mwezi Julai 2019, Mmarekani Anne Lorimor alikanyaga hapo akiwa na miaka 89! Akaingia kwenye kitabu cha rekodi za dunia kwa kutumia mlima wetu.

John Stephen Akhwari unamjua, yule wa Mexico 1968, aliyemaliza marathoni goti likiwa limefungwa bandeji. Mwaka 2008, miaka 40 baadaye, mwenge wa Olimpiki ulipopita Dar es Salaam, mmoja wa waliobeba alikuwa yeye. Alikuwa na miaka 70 hivi.

Na Bi Kidude wa Unguja! Alipofariki mwezi Aprili 2013, wengi waliamini amevuka au kukaribia miaka 100. Hadi uzee wake mkubwa alikuwa akisimama na ngoma ya msondo imefungwa kiunoni, anaipiga na kuimba, huku vijana wakitafuta viti.

Kwa majirani zetu

Je, wajua kwamba akina mama wa Kenya waliwaacha wanasayansi mdomo wazi? Mwaka 1986 watafiti waliwapima wanawake wa Kijaluo wanaobeba mizigo kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba kwa kamba ya kipaji. Waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada!

Fanya hesabu, bibi. Kwa mama wa kilo 60, huo ni mzigo wa kilo 12. Wanajeshi waliopimwa wakiwa na mizigo mgongoni hawakuuweza mchezo huo.

Huko huko Kenya, kinyozi mmoja aitwaye Kenneth Mungara aliingia kwenye mbio akiwa mtu mzima. Mwaka 2015, na miaka 41 mwilini, alishinda marathoni ya Gold Coast nchini Australia kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 42. Vijana waliokuwa nyuma yake walimfahamu kwa kisigino.

Afrika Kusini ipo timu ya soka ya mabibi watupu, Vakhegula Vakhegula, ya mkoa wa Limpopo. Mwaka 2010 walipanda ndege hadi Marekani kucheza mashindano ya wanawake watu wazima. Wajukuu walibaki nyumbani wakishangilia!

Mkimbiaji Deirdre Larkin, wa Afrika Kusini hiyo hiyo, aliambiwa mifupa yake imeanza kulika. Alianza kukimbia akiwa na miaka 78. Alipofika 85, alikuwa anamaliza nusu marathoni, kilomita 21, kwa saa 2 na dakika 5.

Wataalamu walipigwa na butwaa

Konda wa daladala, sikiliza hili. Mwaka 1953, daktari Jerry Morris wa London alilinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa na makonda wao. Makonda walipanda ngazi kati ya 500 na 750 kwa siku, na ugonjwa wa moyo kwao ulikuwa karibu nusu ya ule wa madereva waliokaa!

Morris mwenyewe aliyafanyia kazi aliyoyagundua. Aliendelea kufanya mazoezi miaka yote. Alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Je, wajua kwamba hata mwenye miaka 96 anaweza kujenga misuli? Mwaka 1990, huko Boston, wazee 10 wa kituo cha kulelea wazee, wa miaka 86 hadi 96, walianza kuinua uzito kwa miguu. Kwa wiki 8 tu, nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili wakaziacha fimbo zao!

Mwaka 1966 vijana watano wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki tatu huko Dallas. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye, ikaonekana wiki tatu za kitanda zilikuwa zimewapunguzia pumzi kuliko miaka 30 ya kuzeeka! Kitanda ndicho adui, umri umesingiziwa.

Subiri, hadithi ina mkia. Watu hao hao, wakiwa na miaka 50, walipewa mazoezi ya miezi sita, kuanzia mwendo mdogo kwenda mkubwa. Pumzi yote iliyopotea kwa miaka 30 ikarudi.

Kwa mzee, kitanda ni kikali zaidi. Wazee wenye afya njema walipokaa kitandani siku 10 tu kwa ajili ya utafiti, walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Ukitoka kuugua, omba mkono wa mjukuu, mzunguke uwanja.

Ubongo nao hutoka jasho! Mwaka 2011 wazee 120 wa Marekani waligawanywa makundi mawili, moja likatembea dakika 40 mara tatu kwa wiki. Baada ya mwaka, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu ilikuwa imekua kwa asilimia 2. Wale waliojinyoosha viungo tu, yao ilikuwa imesinyaa.

Unapenda ngoma? Cheza bila haya! Wazee 469 waliozidi miaka 75 walifuatiliwa huko New York kwa miaka kadhaa. Katika michezo yote ya mwili iliyoangaliwa, kucheza muziki peke yake ndiko kulikoendana na hatari ndogo ya kupotewa na kumbukumbu.

Na wewe mwenye baiskeli ya kwenda shamba, tabasamu. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza waliwapima waendesha baiskeli 125 wa miaka 55 hadi 79. Damu yao ilikuwa na askari wapya wa kinga kwa wingi unaotarajiwa kwa vijana!

Umesikia habari ya hatua 10,000 kwa siku? Je, wajua zilianzia Japani mwaka 1965, kama jina la kifaa cha kuhesabia hatua? Wanawake 16,741 wenye wastani wa miaka 72 walipofuatiliwa, hata waliotembea hatua 4,400 walikuwa na vifo vichache kwa asilimia 41 kuliko waliotembea 2,700. Faida iliongezeka hadi hatua 7,500 hivi, ikatulia hapo.

Huko Japani pia, tangu mwaka 1928, redio hutangaza mazoezi ya viungo asubuhi. Karibu miaka 100 sasa, na wazee bado hukusanyika bustanini wakinyoosha mikono kwa pamoja. Redio moja, mtaa mzima!

Wazee wa Kitsimane, kule msitu wa Bolivia, ndio wenye mishipa ya kushangaza. Mwaka 2017 iliripotiwa kwamba watu 85 kati ya kila 100 waliopimwa hawakuwa na dalili ya mishipa ya moyo kuziba. Mzee wao wa miaka 80 ana mishipa kama ya Mmarekani wa miaka hamsini na kitu. Kazi zao? Kulima, kuvua, kuwinda na kutembea.

Waliokataa kukaa kitako

Robert Marchand wa Ufaransa alipanda baiskeli kwa saa moja akiwa na miaka 100, akakata kilomita 24. Miaka miwili baadaye, baada ya mazoezi makali zaidi, akarudia. Alikata karibu kilomita 27! Yaani aliongeza kasi baada ya kuvuka karne.

Na hakuishia hapo. Mwezi Januari 2017, na miaka 105, alirudi uwanjani akakata kilomita 22 na nusu. Ndugu, wewe ulikuwa unasema umechelewa?

Fauja Singh, Mhindi aliyeishi Uingereza, alianza marathoni akiwa na miaka 89. Mwezi Oktoba 2011 alimaliza ile ya Toronto kwa saa 8 na dakika 11, akitajwa kuwa na miaka 100. Marathoni ni kilomita 42, mbali kuliko Sitalike hadi Mpanda!

Bibi Man Kaur wa India hakuwahi kukimbia mashindano hadi alipofika miaka 93. Akiwa na 101, mwaka 2017, alikimbia mita 100 huko New Zealand kwa sekunde 74. Alipofika mwisho wa mbio, alicheza.

Mjapani Yuichiro Miura alipanda Everest akiwa na miaka 70. Akarudi na 75. Akarudi tena mwezi Mei 2013 na 80, moyo wake ukiwa umeshafanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja!

John Glenn aliruka angani mwezi Oktoba 1998 akiwa na miaka 77, akazunguka dunia kwa siku tisa. Na je, wajua kwamba huko juu, mwili usipobeba uzito, mifupa hupungua kwa zaidi ya asilimia 1 kila mwezi? Ndiyo maana wanaanga hufanya mazoezi saa 2 hivi kila siku.

Nyumbani kwako kuna kila kitu

Sasa sikiliza vizuri. Shirika la Afya Duniani linamtaka mwenye miaka 65 na zaidi apate angalau dakika 150 za kujishughulisha kwa wiki. Wiki nzima ina dakika 10,080. Unaombwa chini ya dakika 2 katika kila 100!

Ongeza mazoezi ya nguvu siku 2 na ya usawa wa mwili siku 3. Zinaweza kuwa siku zile zile. Jembe la mkono ni nguvu, ndoo ya maji ni nguvu, kinu na mchi ni nguvu ya mabega, mgongo na tumbo kwa pamoja.

Je, wajua kwamba kuanzia miaka 30 hivi, misuli hupungua asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi huzidi? Basi inuka kwenye kigoda bila kushika magoti mara 10, asubuhi na jioni. Hayo ni mapaja yanayojengwa, na huhitaji hata shilingi.

Mkeka wako ni mwalimu pia. Kila unapokaa chini na kuinuka, nyonga, magoti na vifundo vyote vinafanya kazi. Usikubali wajukuu wakuinue kila mara, waambie wangoje uinuke mwenyewe.

Muislamu anayeswali swala tano hupiga rakaa 17 za faradhi kila siku. Humo mna rukuu 17 na sijda 34! Hesabu mara ngapi mgongo umeinama, magoti yamekunjika na mwili umesimama tena, kabla ya swala ya sunna hata moja.

Mwili una mifupa 206, na 52 iko kwenye nyayo zako mbili. Robo nzima iko pale chini! Basi vaa viatu vinavyobana vizuri kisigino, na malapa yaliyolegea yaache uani.

Kuanguka si jambo dogo. Kila mwaka watu 684,000 hufariki duniani kwa sababu ya kuanguka, na wazee ndio wanaoongoza. Lakini mazoezi ya usawa na nguvu hupunguza kuanguka kwa takriban robo. Hiyo ni dawa, na haina foleni ya dirishani!

Je, wajua kwamba kiu humdanganya mzee? Kadiri umri unavyosonga, mwili hukumbusha kunywa maji kwa kuchelewa. Kwenye joto letu la Septemba na Oktoba, kunywa kabla hujatoka, kunywa ukirudi, hata kama hujaona kiu.

Misuli haijengwi kwa hewa. Dagaa wa Tanganyika, migebuka, maharage, karanga na mayai ndiyo matofali yake. Ugali peke yake haujengi paja, bibi!

La kushika kwa mikono miwili: ukihisi kifua kinabana, kizunguzungu au pumzi kukata ghafla, simama na uende kituo cha afya mara moja. Kama una presha, sukari au tatizo la moyo, ongea na daktari kwanza. Kisha anza taratibu, dakika 10 kwa 10.

Moyo wako unadunda mara 100,000 hivi kila siku, umelala au umeamka. Tangu ulipozaliwa haujawahi kuomba likizo. Unachoomba ni wewe uusindikize nusu saa!

Na hili la mwisho ndilo ninalotaka ubaki nalo. Wazee 707 wa Hawaii, wastaafu wa miaka 61 hadi 81 wasiovuta sigara, walifuatiliwa kwa miaka 12. Waliotembea zaidi ya kilomita 3 kwa siku, vifo vyao vilikaribia nusu ya wale waliotembea chini ya kilomita moja na nusu. Hawakukimbia, hawakunyanyua vyuma, walitembea tu!

Kilomita 3 ni kwenda shamba na kurudi. Ni kumsindikiza mjukuu shule, ukapitia gengeni, ukarudi nyumbani. Jumamosi ya pili ya mwezi iko karibu, lakini ya nini kuisubiri? Gonga kwa jirani sasa hivi, mwambie avae viatu, mtoke wote!